Likizo kwa Bibi: Mwongozo kwa Mtoto wa Dar Anayepelekwa Meru

Mpwa wangu, nimesikia shule zikifungwa mwezi wa sita unapandishwa basi. Ni kilomita kama 650 kutoka Dar mpaka Arusha, na mama yako amekuambia unakwenda kula ndizi na kuuona mlima. Hajakudanganya. Ndizi zipo tele, na mlima upo, mita 4,566, ingawa kwa majira hayo unaweza kukaa wiki nzima ukauona siku mbili. Alichokuficha dada yangu ni kwamba bibi yako ana sheria zake. Nyingi unazijua, maana ndizo hizo hizo mama yako aliondoka nazo, ila huko Dar zimelegea kwa joto. Huku ziko kamili. Halafu mlima nao unaziongezea marekebisho yake, na hayo marekebisho ndiyo yanayowaangusha wageni.

Usije na makaratasi. Ni kweli ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, kisha inataja haki zake moja baada ya nyingine. Mjukuu mmoja wa nyumba ile, akiwa kidato cha pili, aliwahi kumsomea bibi haki hizo. Bibi alisikiliza kwa utulivu kabisa, mikono mapajani, kisha akauliza kama humo ndani hamna mahali panapotaja wajibu wa mtoto. Pamo: kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji msaada. "Basi chukua panga," bibi akasema, "kakate majani ya ng'ombe." Ng'ombe wa huku hatoki bandani, anasubiri kuletewa, na mjukuu wa likizo ndiye miguu yake.

Hatari inaanza ukishuka tu kwenye haisi pale Tengeru. Kuanzia hapo kupanda mpaka nyumbani, kila aliyekuzidi umri ni wa kuamkiwa: mwenye mkungu kichwani, anayemenya ndizi barazani, hata aliye ng'ambo ya mfereji ambaye itakubidi umpazie sauti. Shikamoo yako ikimruka mtu mmoja, taarifa itafika nyumbani kabla ya begi lako. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na siku hizo njia nzima imejaa bibi za watu. Nakushauri ufike Alhamisi.

Sasa, chakula. Unaijua ile sheria kwamba usile kwa watu. Mjini inatekelezeka, kwa sababu watu ni watu na ndugu ni ndugu. Mwenye nyumba anakukaribisha, unamtazama mama usoni, mama anasema "kula tu, mwanangu" lakini jicho lake linasema jambo lingine, nawe unajibu kwamba umeshiba huku tumbo likikusuta. Mlimani sheria hiyo inagonga mwamba, kwa sababu ukihesabu ukoo vizuri hakuna watu, wote ni ndugu. Ukikataa bakuli la loshoro kwa bibi mdogo, umemdharau. Ukila, bibi yako ataulizwa sokoni kama kwake kumekauka. Mimi nilihukumiwa kwa makosa yote mawili kwa nyumba moja, ndani ya wiki moja. Njia pekee niliyoigundua ni kula nusu na kusema umebakiza kwa sababu bibi nyumbani amepika. Ni uongo, lakini bibi atakusamehe, maana ni uongo unaomsifu yeye.

Firigisi usiulize. Ni ya babu.

Za usiku nazipitia haraka, kwa kuwa kote Waswahili walipo zinajulikana. Usipige mluzi, unaita nyoka. Usifagie, unatoa riziki nje. Chumvi haitajwi kwa jina baada ya magharibi. Usichezee moto, utakojoa kitandani. Usihesabu nyota, utaota masundosundo. Hii isikusumbue, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba wingu limekaa juu ya Meru kama kifuniko, nyota zenyewe hazionekani. Inayotaka tahadhari ni ya makaburi. Huko Dar, kutolinyooshea kaburi kidole ni jambo rahisi, makaburi yana mtaa wake. Kwetu wazee wamezikwa hapo hapo nyumbani, migombani. Ukinyoosha kidole kuonyesha jikoni kidole kimempitia mzee mmoja, ukionyesha banda la kuku kimempitia mwingine. Nilipokuwa mdogo niliviuma vidole vyangu vyote kumi kwa siku moja, ndiyo dawa yake. Angalia wenyeji: wanaelekeza kwa kidevu na midomo. Ulidhani ni uvivu.

Kuhusu televisheni, mama yako anajifanya kwamba enzi zetu haikuwapo. Ilikuwapo. Vituo vya Tanzania Bara vilianza 1994, na haukupita muda mrefu babu yako akanunua ya kwake, akaitengenezea kabati lenye milango na kufuli, juu akatandika kitambaa cha kufuma kama cha altare. Sheria ilikuwa moja: inafunguliwa saa mbili kamili usiku kwa taarifa ya habari, inafungwa habari zikiisha. Mama yako ndiye aliyegundua kwamba bawaba za kabati zinafunguka kwa bisibisi. Sehemu nyingine za nchi watoto walikamatwa kwa sababu baba aliporudi aliigusa televisheni kwa nyuma akaikuta ina moto. Sisi tuliokolewa na baridi. Julai ya Meru inaipoza televisheni kabla mzee hajamaliza kufungua geti. Tulitamba hivyo kama wiki mbili, mpaka siku mzee alipoipita televisheni bila kuigusa, akaenda kwenye makochi na kuyapapasa moja moja kwa kiganja. Julai kila kitu ndani ya nyumba ile ni cha baridi, isipokuwa mahali mtoto alipokaa.

Ndiyo maana naomba usiutegemee mlima. Leo ni wakili wako, kesho ni shahidi wa serikali.

Desemba moja nilipelekwa kwa shangazi, upande wa mashariki kuelekea Momella. Sheria ya kule ilikuwa ile ile ya kila mahali: jua lisizame ukiwa nje. Lakini kule mlima wote umesimama magharibi, na jua likishauegemea halina safari nyingine. Mjini watu bado wananunua nyanya kweupe, wewe kwenu ni kivuli. Siku ya kwanza niliingia ndani nimechelewa, kwa hesabu ya shangazi. Nikamvuta nje, nikamwonyesha Kilimanjaro kule ng'ambo, kilele kizima kinawaka rangi ya papai. "Shangazi, jua lile pale, halijazama." Akakitazama kilele muda mrefu, kwa sababu kwa kweli kilikuwa kinapendeza. Kisha akaniambia niende nikalale huko Kilimanjaro, kwao bado mchana.

Huko huko kwa shangazi ndiko nilikokutana na sheria ya ajabu kuliko zote, nayo nakusihi uitii bila hoja. Kulikuwa na kijito cha maji safi, yanayong'aa, hatua chache kutoka nyumbani, na tulikatazwa kuyanywa. Sababu tuliyopewa ni joka. Maji ya kunywa tuliyafuata mbali, ndoo kichwani, tukilipita joka ambalo halikuwahi kutoa hata mkia. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba maji mengi yanayotoka katika miamba ya volkano ya Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mito na visima kadhaa vya huku vinakipita kiwango hicho kwa mbali. Floridi ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana inakunja hata mifupa ya miguu ya watoto. Serikali ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto, wanachuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shangazi hakuwa na kituo cha utafiti. Alikuwa na macho, akaona watoto waliokunywa maji ya kijito kile wanavyocheka, akatafuta kitu ambacho mtoto wa miaka minane angekiogopa kuliko kemia. Kwa hiyo usimwulize mtu wa Arusha habari za meno yake, na ukiambiwa kuna joka, ondoka.

Bibi hafanani na shangazi kwa hilo. Bibi hatoi sababu kabisa, hata ya uongo. "Kwa nini" kwake si swali, ni kosa jipya.

Kwa babu utakuta utaratibu mwingine. Jioni, baada ya chai, ataanza hadithi ya Ngare Nanyuki, na sheria ni kwamba hakuna kunyanyuka, kukohoa wala kwenda msalani mpaka iishe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao kule ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Babu alikuwa mtoto mdogo, lakini anakumbuka moshi. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi hiyo. Babu anaisimulia safari yote, na huwa hana haraka. Nenda msalani mapema. Ukisinzia kabla Kirilo hajafika New York, babu atamrudisha Ngare Nanyuki waanze upya. Hii ndiyo sheria pekee ya nyumba ile ambayo mimi, nikiwa na umri huu, bado naitii kwa hiari, na watoto wangu nawakalisha.

Lugha nayo uiangalie. Ukienda mjini Arusha na binamu zako, Kaloleni au Ngarenaro, utasikia Kichuga kitamu, utarudi umejaa "chalii" na "oya". Kiachie getini. Niliwahi kumwambia babu yako "poa" alipouliza habari za shule, nikafagia uwanja siku tatu.

Sweta linavaliwa. Hakuna maelezo zaidi ya hapo. Hata ukitoka jasho, linavaliwa.

Nimeiacha mwisho sheria ya mate, kwa sababu ndiyo iliyonipa ushindi wangu wa pekee dhidi ya bibi yako, nao ulidumu chini ya siku moja. Unajua inavyokwenda. Unatumwa dukani. Bibi anatema mate kwenye vumbi mbele ya mlango, tfu, anasema: "Haya mate yasikauke hujarudi." Duka liko njia panda, kwenda ni mteremko, kurudi ni kupanda kwa magoti. Januari, pepo zinavuma na ardhi imepauka, mate yale yanakauka ukiwa hujafika hata kwenye mfereji. Nilikuwa narudi nimeshika kibiriti mkononi, moyo uko mdomoni, nakuta pale chini alama tu.

Ikaja Julai. Asubuhi nzima ukungu umelala migombani, manyunyu hayaanguki wala hayaondoki, kila jani linadondosha. Akatema, akanituma mafuta ya taa. Nikashuka, nikanunua, nikawakuta wenzangu njia panda wanacheza gololi. Nikaweka chupa chini. Tulicheza michezo minne, mitano, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikapanda polepole kama mzee wa kanisa. Nikainama mlangoni nikatazama, na mate yalikuwapo, tena yameongezeka.

Nikamwita. "Mama, njoo uone. Bado mabichi."

Alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Aliyatazama mate, akanitazama mimi, akayatazama magoti yangu yaliyojaa tope. Hakusema neno. Alichukua chupa yake ya mafuta akaingia ndani, nami nikalala usiku ule nikijua kwamba nimeshinda kesi.

Kesho yake asubuhi aliniitia jikoni. Jiko la mkaa lilikuwa limekolea, bati lake jekundu kwa chini. Akaniambia nikalete chumvi, kisha akageuka akatema kwenye ubavu wa jiko. Chwii. Mimi nilikuwa bado natafuta ndala ya pili.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ukitumwa, kabla hujakimbia, tazama kwanza anatemea wapi.