Kilemba cha Ukoka kwa Ruta ya Nyumbani

Dumila ina mengi ya kusifiwa. Ina njia panda yake, pale barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Morogoro kwenda Dodoma. Ina nyanya. Ina wachuuzi wanaoweza kuuza mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi ambalo halijasimama sawasawa, wakarudisha na chenji. Hayo yote yana wasemaji wake. Anayedhulumiwa ni kile kisanduku cheupe chenye laini ya simu tumboni, kilichowekwa juu ya kabati la vyombo na kufunikwa kitambaa cha kufuma kisiingie vumbi. Kikifanya kazi, hakuna anayekitaja. Kikigoma, nyumba nzima inakitukana. Nimejitolea kukitetea, tena kwa hukohuko kugoma kwake.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba ruta inayosumbua hupanga watu. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi, na hayaelewani na bati wala maji. Ukuta wa tofali za kuchoma yanaupenya kwa kuchoka. Mlango wa friji yanashindwa kabisa. Kioo kirefu cha kabati la nguo, kwa ile rangi ya madini iliyopakwa mgongoni mwake, huyarudisha yalikotoka. Weka na simtanki iliyojaa kati ya sebule na chumba cha uani, na kila mtu atajua mahali pake. Kiti cha karibu na kabati ni cha baba. Kijana wa kidato cha nne anasomea mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Shemeji amegundua kwamba akikalia ndoo iliyofudikizwa karibu na jiko la mkaa, video zinacheza hadi mwisho, na ndoo hiyo sasa haiguswi hata siku ya kufua. Waliozoea kujifungia vyumbani wote wako sebuleni, magoti yanagusana. Wahubiri wamehimiza umoja wa familia miaka mingi bila kupata mahudhurio ya namna hiyo.

Dawa inajulikana, sikatai. Ruta iondolewe kabatini, ivuliwe kitambaa kinachoipikia joto, iwekwe juu, dirishani, upande unaotazama mnara. Lakini dirishani kuna jua, kuna watoto wa jirani, na kuna mama, ambaye kabati lake bila kitambaa kile si kabati. Fundi anayetaka kukiondoa aongee naye kwanza. Sisi tutamsubiri nje.

Halafu kuna ile ibada ya kuzima na kuwasha. Wajuaji wanaidharau, nami naiona kuwa elimu nzima. Ukichomoa waya ukasubiri nusu dakika, umeme uliobaki ndani unakwisha, kumbukumbu iliyovurugika inafutika, na kisanduku kikiamka kinajitambulisha upya kwa mnara kama mgeni mwenye adabu, kisha kinaanza kuzigawia simu za nyumbani anwani moja moja. Ndiyo maana mara nyingi inafaa. Sharti lake ni ile nusu dakika, na hapo ndipo tunapojuana tabia. Wapo wanaochomoa na kuchomeka papo hapo, halafu wanalalamika kuwa hakuna kilichobadilika. Hao hata ugali wao huwa mbichi.

Kugoma huku pia kunafundisha kuuliza vizuri. Mtu akisema “mtandao unasumbua”, hajasema kitu. Asogee hadi kabatini, asimame na simu hatua moja kutoka kwenye ruta. Kama hapo inakwenda kasi, shida ni kuta na friji. Kama hapo nako inazunguka tu, hata baada ya kuzima na kuwasha, huenda shida iko nje ya nyumba, na ruta inasingiziwa. Simu yenyewe haifichi, huandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Ni kauli ya kweli ambayo watu wengi hawaipendi. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoharibu daraja hapa, magari yalipanga foleni huku na huku, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ulishuka kwenye basi ukatazama, ukaona barabara imeishia wapi. Ruta haina ukingo wa mto wa kusimama. Inakuonyesha taa tu: ya umeme kijani, ya waifai kijani, ile ya tatu nyekundu, na wewe ndiye wa kujua daraja lililokatika ni lipi.

Kwa hiyo kila mtu analitaja lake. Mjomba anasema mvua, ingawa masafa ya 4G hayaijali mvua ya kawaida. Kinachoangushwa na mvua huwa umeme. Baba anasema jirani anatunyonya. Bibi anasema mnara. Mmoja tu kanyamaza, yule aliyeshusha filamu usiku, kwa kuwa anajua bando limekwishia wapi.

Na udhuru, je? Ndugu aliyeahidi kuchangia harusi anasema mtandao ulikuwa chini. Menyu zile za nyota na reli za kutuma pesa hazipiti kwenye intaneti hata kidogo, kila mtu pale kikaoni anajua, na bado udhuru unapokelewa kwa kutikisa vichwa. Ruta nzima isiyokatika ingevunja koo ngapi!

Siku yake kubwa ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini huko, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika nchi nzima. Ruta ya kabatini haikuwa na kosa lolote. Ilichomolewa, ikachomekwa, ikapigwa kofi la mgongo, ikageuzwa kuelekea Gairo, ikageuzwa kuelekea Magole. Ilivumilia yote hayo kwa ajili ya waya ulioko vilindini, ambao hata baba, pamoja na mamlaka yake, asingeweza kuuchomoa akahesabu nusu dakika.

Yakishindikana yote, anaitwa kijana wa pale stendi. Anakuja na kijiti cha meno, anakiingiza kwenye kitundu cha nyuma, anabonyeza hadi taa zote zizime kwa pamoja. Kila kitu kimerudi kama kilivyotoka kiwandani. Jina la mtandao tulilolichagua kwa ugomvi limekuwa herufi na tarakimu, na nywila iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, kwa maandishi madogo mno. Bibi anashika tochi, mjukuu anasoma, shemeji anabisha kama ile ni sifuri au herufi O.

Kabla hawajaafikiana, jirani yuko mlangoni. Amekuja kusalimia tu, miezi imepita hajafika, na mkononi ana simu na sado ya nyanya. Karibu, jirani, karibu ndani. Nyanya tumezipokea kwa mikono miwili. La nywila bado tuko kikaoni.