Jinsi ya Kupeleleza Kifo cha Sokoine Bila Kuondoka Kijiweni

Kwanza tafuta kijiwe. Morogoro, mji kasoro bahari, haina uhaba navyo, lakini cha Msamvu kinafaa zaidi: abiria wa Dodoma hushuka hapo, na kila mmoja ana toleo lake. Agiza kahawa na kashata. Usilipe, mpelelezi hulipiwa.

Yasiyo na ubishi yamalize upesi, kabla hayajaharibu utamu. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alipofika Dakawa, gari lake likagongana na Land Cruiser iliyoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini. ANC, chama cha ukombozi cha huko kwao, ilikuwa na makazi yake hapohapo. Mwalimu Nyerere mwenyewe akalitangazia taifa redioni. Serikali ikasema ni ajali.

Sasa shusha sauti. Sema "we fikiria tu," kisha nyamaza, piga funda moja. Ukimya huo ndio kielelezo chako namba moja, usiuharakishe. Mbishi akikuuliza nani alihusika, mjibu: "Wenyewe." Hawa wenyewe wana faida kubwa: hawana jina, hawana anwani, hawatakushtaki. Kumbusha kwamba mwaka 1983 marehemu aliwasaka wahujumu uchumi mpaka watu wakawa wanatupa bidhaa zao usiku. Chuki ilikuwepo, basi na muuaji yupo. Mahakama ingedai kitu cha kuunganisha hivyo viwili. Kijiwe hakina usumbufu huo.

Kila mwaka ongeza chumvi. Mjomba aliyekuwa shambani mwaka huu, mwakani awe kando ya barabara, na mwaka unaofuata awe amemshika mkono majeruhi. Nimewahi kumsikia bwana mmoja akisimulia ajali nzima kama aliyoiona kwa macho yake. Kazaliwa 1986.

Ila uepuke kabisa kwenda Dakawa. Si mbali, mabasi yapo, na hatari yenyewe ni wazee wa pale: mzee anaweza kukueleza alichokiona tu, akaishia hapo, hadithi yako yote ikafa. Kaa hukuhuku mjini, chini ya Uluguru, kwenye chuo kikuu cha kilimo kilichopewa jina la Sokoine mwaka uleule, ubishane na wanafunzi.

Nawe usiye na kijiwe, kama simu yako ina kinasa sauti, wafuate wazee hao mapema. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile, leo amevuka 60.