Shanga Zilizotangulia Altareni

Shanga ya kwanza ilidondoka kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo. Ilitoa sauti ndogo tu, tik, kwenye sakafu ya saruji, ikabiringika chini ya mabenchi kama mtu aliyetumwa. Mwenye gauni alidhani ni kifungo cha mtoto wa jirani. Akacheza hatua nyingine kuelekea mbele, ameshika kikapu cha karanga, na hapo ndipo safu nzima ya kifuani ilipoachia.

Aliyewahi kumwaga mchele juu ya bati anaijua sauti iliyofuata. Watoto wa kipaimara waliacha kuimba, wakapiga magoti kabla ya wakati wake, wakiokota. Katekista alikanyaga moja, akateleza, akajishika kwenye nguzo kwa heshima zote. Padre, aliyekuwa amesimama mbele kupokea vipaji vya waamini, alizitazama zikimjia, nyeupe na za buluu, zikiwahi kufika altareni kuliko karanga na mwenye karanga. Misa ilipokwisha bibi mmoja alimngoja mlangoni, akafungua fundo la kanga: “Mwanangu, hizi zako. Zile zilizofika mbele nilidhani ni sadaka.”

Hayo yametokea Jumapili iliyopita hapa Kabwe, wilayani Nkasi, na tangu hapo mwenye gauni anakwenda dukani kwa njia ya nyuma. Jina lake halitaandikwa. Anayeandika anamjua vizuri mno.

Tumwite mshonaji, ingawa wiki hii jina hilo linampwaya. Kitenge chake hakikuwa na kosa, na shanga hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye uzi, ambao haukuwa uzi. Ule wa pamba wa dukani ulimkatikia mara mbili, kwa sababu tundu la shanga ya kioo lina kingo kali zinazosaga kama tupa. Basi akakumbuka kibunda cha mshipi wa nailoni kilicholala uvunguni tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mshipi unaomtoa mgebuka kilindini utashindwa na shanga?

Hapa inabidi tutue kidogo, maana jambo lenyewe ni tamu. Uzi wa pamba ni umati wa watu: nywele fupi fupi zilizosokotwa pamoja, na ukiupitisha karibu na jicho utaona manyoya yake. Ukifunga fundo, manyoya yanang’ang’aniana na fundo linalala usingizi. Mshipi wa nailoni ni kitu kimoja mwanzo hadi mwisho, laini kama kioo, hauna hata unywele wa kushikia. Tena una kinyongo: umezaliwa umeviringwa, na maisha yake yote unataka kurudi kwenye mviringo wake. Ukiufunga fundo la kawaida la sindano, lile la kuzungusha mara moja na kuvuta, utakaa kwa adabu siku nzima, ukikungojea ucheze.

Nailoni yenyewe ilipatikana mwaka 1935 kwenye maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, katika utafiti ulioongozwa na mkemia Wallace Carothers, na kazi yake ya kwanza sokoni ilikuwa nywele za miswaki. Soksi ndefu za kike za nailoni zilianza kuuzwa Marekani nzima tarehe 15 Mei 1940. Miaka 84 baadaye, tarehe 15 Mei hiyohiyo, ziwa likafungwa na kile kibunda kikaingia uvunguni. Mshonaji haamini kwamba hiyo ni sadfa tu. Anaona ni njama.

Dawa aliipata Jumatatu ufukweni, kwa kijana aliyekuwa akifunga ndoano na ambaye, kwa bahati, siku ya misa alikaa nyuma. Alilipindua gauni, akatazama fundo moja lililosalia, akasikitika. “Mama, hili ni fundo la mfuko wa sukari.” Akapitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, akaizungusha ncha kwenye mshipi wenyewe mara tano, sita, akairudisha kwenye kijitundu kilichobaki karibu na ndoano. Kisha akalilamba fundo.

“Mate ya nini?”

“Ukivuta kavu, mshipi unasuguana, unapata moto, unadhoofika mwenyewe hujui.” Akavuta polepole mpaka mizunguko ikakaa sawasawa kama uzi kwenye bobini, akampa ajaribu kuing’oa ndoano. Haikung’oka. Kisha akamwonyesha wavu uliotandazwa mchangani. “Kila jicho lina mafundo yake. Likikatika moja, mengine yanabaki. Wewe shanga mia mbili na zaidi umezipa mafundo mawili?”

Maelezo safi, na mshonaji alishukuru. Lakini njiani kurudi alianza kukasirika, na hasira hiyo haijaisha. Lile fundo la kijana linaitwa kazi. La kwake linaitwa kujipumbaza. Mara anapovaa alichoshona, shangazi au shemeji humwambia, “Nifanyie na mimi moja, si uko tu?” Ziwa lilipofungwa, wanaume walikaa miezi mitatu bila kuvua na bado waliitwa wavuvi. Yeye miezi hiyo alishona karibu kila siku, akabaki mtu aliyeko tu. Wala si yeye peke yake: kofia ya viua ya Zanzibar ina vitundu vinavyozungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, na moja nzuri hula wiki hata miezi, halafu mnunuzi anaomba apunguziwe. Hapa Ufipa watu walisokota pamba na kufuma nguo zao kabla Wajerumani hawajafika. Wageni wa Ulaya wa karne ya 19 waliziona wakaziandika. Zikaja nguo za dukani, mitande ikaachwa. Kilichobaki majumbani ni sindano, na hiyo nayo haihesabiwi.

Mikasa mingine ya gauni hilo ni midogo. Mikono yote miwili ilitoka ya kushoto. Maua aliyoyadarizi kwenye pindo yamefanana na dagaa waliokaushwa. Sindano ya magunia, ambayo ndiyo pekee iliyoweza kumeza mshipi, imeacha matundu kifuani ambayo pasi haikuyaziba.

Shanga zilizonunuliwa ni 226. Zilizorudi mpaka makala haya yanakwenda mtamboni ni 165. Aliyeokota za buluu tafadhali azikabidhi kwa katekista. Nyeupe abaki nazo.