Namna ya Kumlaza Msahihishaji kwa "Moreover"

Ndugu mtahiniwa wa IELTS, ada umelipa, na sasa una dakika kama 40 za kuandika insha ya maneno yasiyopungua 250. Usihangaike kutafuta hoja. Hoja ni kazi. Viunganishi vipo tele kwenye ile fotokopi ya tuisheni: moreover, furthermore, nevertheless. Vikariri vyote kabla ya kulala.

Anza na "Firstly", hata kama la pili huna. Kisha gonga "Moreover" kila sentensi, kama konda anavyogonga bodi la daladala kila kituo. Nakupa kielelezo: "My uncle has three goats. Moreover, he lives in Morogoro. Therefore, education is the key of life." Mbuzi watatu, Morogoro, elimu. Msahihishaji ataikodolea macho hiyo "therefore" akitafuta mbuzi walipitia njia gani hadi shuleni. Mwache atafute, analipwa.

"On the other hand" itumie bila kuutaja mkono wa kwanza. "Nevertheless" iweke popote. Ni ndefu, inajaza mstari.

Ukishaiva, ingia kwenye "although". Sisi tukisema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda", hakuna anayegeuza shingo. Mwandikie Mwingereza vilevile: "Although it rained, but we went." Kwake "although" ikishatangulia, "but" ni kofia ya pili juu ya kofia. Wewe mvalishe zote mbili. Na "however" itundike baada ya koma, pale palipotaka nukta, sentensi mbili zigongane.

Wala usione haya, hata Kiswahilini tunayo yetu. Taarifa ya habari ina "aidha, waziri amesema" mpaka mpishi wa nyumbani anaanza kuisema. Neno hilohilo wengine wamelifanya "ama", kwa kuwa sikio lao lilishazoea "either": "aidha uje au usije." Kiunganishi cha kuongeza kimehamia kwenye kuchagua, na barua ya uhamisho hatujaiona.

Ila kuna jambo la kuudhi. Robo ya alama za uandishi hutolewa kwa mtiririko na mshikamano, na vigezo vya alama 9 vinataka mshikamano ambao ni nadra kuvuta macho. Yaani anayepata 9 ni yule ambaye viunganishi vyake msomaji havikumbuki! Mtu wa namna hiyo ataandika tu: "My uncle had three goats. He sold two of them to pay my school fees." Mbuzi wamefika shuleni bila "therefore" hata moja, "he" amemshika mjomba, "them" imewaswaga mbuzi.

Usimwige. Ili uandike hivyo, itakubidi kwanza ujue mjomba aliwauza kwa nini, na dakika 40 zenyewe ndizo hizo zinakwenda.