Jasiri Haachi Asili

Sisi wa Mnarani kungoja tunakujua; tulipanga foleni ya feri mpaka daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991. Kwa hiyo tunawaombea askari wetu wa miamvuli dua moja tu: vifaa vyao visinunuliwe kama ilivyonunuliwa KNS Jasiri. Mkataba wa meli hiyo ya jeshi la majini ulitiwa saini 2003, bei yapata shilingi bilioni 4.1. Ikaundwa Uhispania, ikakwama huko kwa mizozo, ikatia nanga Mombasa Agosti 2012. Miaka tisa! Meli angalau huelea. Aliyekwisha kuruka mlangoni mwa ndege haelei sana.

Marekani nao si wepesi: miamvuli ya T-10 waliivaa tangu miaka ya 1950, wakaibadilisha na T-11 askari na mzigo wake walipozidi uzito. Lakini waliibadilisha askari akiwa chini. Kwetu angeruka kwanza, zabuni ifunguliwe akiwa hewani, aliyeshindwa akate rufaa, na kamati ya Bunge ije Kilifi, ikodi hoteli inayotazama hori, imsubiri ateremke atoe ushahidi. Marupurupu ni kwa siku.