Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kawi na Petroli: Tupeni Nasi Siku 180

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mishomoroni, Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Usiikunjie uso barua hii ukidhani ni ya malalamiko. Sisi twaomba kandarasi. Machi 2023 wizara yako ilitia saini mkataba na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC: mafuta tuyachukue sasa, dola tuzilipe baada ya siku 180. Kazi ya kuyaingiza nchini ikapewa kampuni za binafsi, Gulf Energy, Galana na Oryx, ambazo ziliteuliwa tu, hazikushindana na mtu. Zabuni ya wazi ya kila mwezi, iliyowalazimisha waagizaji kukimbizana kwa bei, ikawekwa kando. Mpango mzuri kama huu ni dhambi kuwaachia watu wachache. Dereva wa tuktuk wa huku anajaza mafuta ya shilingi 300 asubuhi, na kijana wa pampu hamwachii bomba mpaka M-Pesa iitike. Tunaomba naye ateuliwe, ajaze leo alipe baada ya miezi sita, na faida yake kwa kila lita iandikwe kabisa kwenye mkataba hata kabla hajapata abiria.

Najua wizara itasema nini, na neno lenyewe lina uzito. Mwanzoni mwa 2023 dola zilikuwa adimu, mabenki yakizigawa kama dawa, na mafuta peke yake yalikuwa yakimeza karibu dola milioni 500 kila mwezi. Mkopo ungeipa shilingi nafasi ya kupumua. Rais mwenyewe aliwaonya waliokuwa wameficha dola kwamba karibuni watapata hasara. Basi na tuhesabu. Mafuta ya Aprili yaliteremshwa dola ikiuzwa karibu shilingi 135. Siku ya kuyalipa ilipofika, Oktoba, dola ilikuwa 150, na Januari 2024 ikapita 160. Walioficha dola, Mungu awasamehe, hawakupata hasara yoyote. Shilingi ilikuja kunyanyuka Februari, serikali ilipokopa upya dola bilioni 1.5 ili kulipa deni la Eurobond lililokuwa likiiva Juni. Kuupa mkataba wa mafuta sifa ya kazi iliyofanywa na mkopo mwingine ni ukarimu wa Kipwani uliopita kiasi. Tena serikali yenyewe iliiandikia IMF, katika taarifa iliyotoka Januari 2024, kwamba mpango huu umevuruga soko la fedha za kigeni na kwamba inakusudia kuuacha. Kisha ikaurefusha hadi 2028.

Kinachotushangaza zaidi ni nyongeza ya usafirishaji na faida inayowekwa juu ya bei ya mafuta. Kwa dizeli ilianza dola 118 kwa tani. Watu walipopiga kelele ikashuka hadi 88, na mkataba uliporefushwa ikawa 78. Wizara inajivunia punguzo hilo, na ni haki yake. Lakini kama dola 40 ziliweza kuondoka kwa mazungumzo tu, bila meli kufupishwa wala bahari kusogezwa, siku ya kwanza zilikuwa zikifanya nini pale? Zabuni ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuliuliza swali hilo kila mwezi, bila kumtegemea mbunge apige meza. Dar es Salaam hadi leo wananunua kwa pamoja na kwa zabuni. Uganda nayo ilichoka kununua kupitia madalali wa Kenya, na mwaka 2024 kampuni yao ya taifa ikaanza kujiagizia yenyewe, kupitia bandari hii hii yetu. Jirani asiye na bahari ametuonyesha njia ya bahari.

Kuna watakaosema bei ya dunia haiamuliwi kwenye gati la mafuta la Kipevu, na wanasema kweli. Septemba 2023, petroli ilipopita shilingi 200, mafuta ghafi yalikuwa yamepanda kote. Lakini kodi ya VAT iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai ile haikutoka Riyadh, ilitoka bungeni. Ushuru wa barabara uliotoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024 nao ni wa nyumbani. Na mafuta ya taa, ambayo huku hununuliwa ya shilingi 50 kwenye chupa ya soda ili mtu achemshe chai tu, tangu 2018 yanabeba ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli. Mchakachuaji ana lori; adhabu yake analipa mwenye jiko la utambi.

Tukiziacha kodi kando, uagizaji huu wa mafuta si biashara huria hata kidogo. Mfanyabiashara huria akikosea, anafilisika. Hapa muagizaji ana soko la uhakika na faida iliyokwisha andikwa, na shilingi ikianguka mpigwa ni anayenunua lita. Kila tarehe 14 mamlaka ya kawi, EPRA, inatangaza bei, na ikipanda, asubuhi yake nauli ya kwenda Kongowea inaongezeka shilingi kumi. Bei ikishuka mwezi unaofuata, hizo kumi hazirudi. Na mwaka 2025 Bunge liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya Kenya Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta, ili bomba nalo liwe na wenyewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ikiwa siku 180 haziwezekani kwa tuktuk, ombi letu ni dogo. Uchapishe mkataba wote gazetini, viambatisho na kila nyongeza ya faida vikiwemo. Urudishe zabuni ya wazi usingoje 2028. Na zile shilingi 18 za mafuta ya taa uziondoe katika tangazo la tarehe 14 ijayo.

Wako mtiifu, anayelipa taslimu,
Mkazi wa Mishomoroni