Lifuate Neno Hadi Kwao

Kwanza, mkimbie anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mabingwa hawa wamejaa vijiweni. Watakuapia kwamba neno la Kiingereza posh, yaani -a kifahari, ni herufi nne zilizogongwa kwenye tiketi za mabwana wa meli za India, waliolipia vyumba vya upande usiopigwa jua. Mwombe akuonyeshe tiketi moja tu. Haijapata kuonekana.

Pili, neno lifanyie kama anavyofanyiwa mchumba: ulizia baba, babu na babu wa babu. Chukua sugar. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, wasemao sucre. Nyuma yao kipo Kilatini cha zama za kati, kisha Waarabu na sukkar yao, kisha Waajemi na shakar, hadi India, ambako śarkarā ya Kisanskriti ni changarawe. Usiwe na haraka hapo. Mwaga sukari kidogo kiganjani, isugue kwa kidole gumba, uone inavyokwaruza. Watu walikamua miwa, wakachemsha maji yake hadi yakaganda chembechembe, wakaziita kwa walivyozihisi. Mimi neno hili hunifurahisha kila ninapokoroga chai.

Mswahili atadakia: kumbe Waingereza wametuibia sukari! Taratibu. Neno letu na lao ni mabinamu; lao lilizungukia Ulaya, letu likatujia kutoka kwa Waarabu.

Tatu, sura isikudanganye. Kiajemi kina bad, maana yake mbaya. Kiingereza nacho kina bad, maana yake mbaya. Hayana udugu hata wa kunyonya. Udugu wa kweli hujulikana kwa sauti zinazogeuka kwa mpango: penye p ya Kilatini, maneno ya Kiingereza ya kurithi huwa na f, kama pater na father, piscis na fish. Jacob Grimm, yule wa hadithi za watoto, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1822.

Mwisho, dai ushahidi wa maandishi. Kamusi ya Oxford ilianza kutoka kwa mafungu mwaka 1884, ikakamilika 1928. Mhariri wake James Murray alikuwa amekwisha kufa tangu 1915. Wasomaji wa kujitolea walimletea vikaratasi, kila kimoja kikiwa na sentensi, jina la kitabu na mwaka. Kiswahili nacho kinastahili kazi hiyo. Ukikuta neno geni katika barua kuukuu ya bibi yako, nakili sentensi nzima, na mwaka usiusahau.